Ncha Iliyojikunja

Jina la Mama Fundo hakupewa na wazazi wake. Alilichuma mwenyewe, kwa vidole. Alianza na beseni la chambo, kamba wabichi na ngisi, nje ya lango la bandari, akaishia na chumba cha mbele chenye kaunta, friji ya chambo na ukuta mzima wa fimbo za kuvulia. Katika miaka hiyo ishirini na minane hakuwahi kuwa muuzaji wa bei nafuu. Wateja walimfuata kwa jambo moja: ukinunua ndoana kwake, anakufungia mwenyewe kwenye mshipi, bure, na fundo lake halifunguki. Duka la ng'ambo ya barabara liliuza ndoana zilezile. Nalo lilifunga, ila si fundo kama lake.

Mwaka huu ugonjwa wa sukari ulimfikia vidoleni. Kwanza ganzi ya asubuhi, kisha ya kutwa nzima. Siku moja alikuta damu kwenye kaunta, akatafuta ni ya nani. Ilikuwa yake, ndoana imezama kidoleni naye hana habari. Akapangusa, akanyamaza. Mkazamwana wake alikuwa anakitamani chumba kile kiwe saluni tangu siku ya harusi. Na duka bila fundo ni fimbo tu ukutani.

Ijumaa akaja kinyozi wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye maneno mengi kuliko wateja.

"Mama, kesho naenda kuvua pale kwenye miamba. Sijawahi. Nipe ile ndefu."

"Ya mita nne? Utavua ndege. Chukua hii fupi. Kurusha ni mkono, si hasira."

"Basi ndoana kubwa."

"Samaki wa ufukweni wengi wana midomo midogo, mwanangu. Unataka kumvua au kumtisha?"

Kinyozi akacheka. "Haya, na chambo? Mke wangu kasema mkate."

"Mkate akupe wewe. Baharini ukipigwa na wimbi moja umekwisha, unabaki na ndoana tupu. Beba ngisi, ni mgumu, haachii ndoana. Kata vipande vyembamba. Na risasi ya kuzamishia mshipi, yenye pembe, ile ya duara itabingirika mpaka ikwame."

Kisha akafunga ndoana. Akazungusha mshipi mara sita, akapenyeza ncha, akalilowesha fundo kwa mate, akavuta. Zamani fundo likikaa vidole vilimwambia. Safari hii havikusema kitu. Akavuta tena kwa kukisia, akakata kilichozidi, akampa mtu mzigo wake.

Jumatatu kinyozi akarudi na fimbo yake, pua imebabuka kwa jua.

"Mama, alikuja! Mkubwa! Fimbo imepinda hivi, mke wangu anapiga kelele, mara pwaa! Kaenda na ndoana. Kosa langu, nimeuburuza mshipi kwenye mwamba. Nifungie nyingine."

Mama Fundo akaivuta ncha ya mshipi karibu na dirisha. Mshipi uliokatwa na mwamba huwa umechubuka, una vinyweleo. Huu ulikuwa laini, na ncha yake imejikunja kama unywele uliofumuliwa kwenye msuko. Haukukatika. Ulichomoka.

Kinyozi hakujua kuisoma. Mama Fundo angeweza kumuuzia ndoana, akanyamaza kama alivyoinyamazia ile damu. Lakini kinyozi ana kiti, na kwenye kiti hukaa kila aina ya mtu. Siku moja angekaa anayeijua ncha ile. Na hata asingekaa, fundo la pili lingefungwa na vidole hivihivi.

"Si mwamba," akasema. "Ni fundo. Limefunguka."

"Usinitanie, Mama. Fundo lako?"

"Langu."

"Basi nilivuta vibaya."

"Ulivuta sawasawa. Samaki alikuwa wako. Vidole vyangu ndivyo havisikii tena."

Kicheko kikamfutika kinyozi usoni. Akaitazama mikono ya Mama Fundo. Mama hakuificha.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

"Mimi wembe ukinifanyia hivyo, nafunga duka," kinyozi akasema. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana neno lile likamuuma Mama.

"Mimi sifungi. Keti hapo. Utafunga mwenyewe."

Akamfundisha kwa mdomo, mikono yake ameikalia. Zungusha. Sita, si nne. Lowesha, we mtu, usione haya mate yako. Fundo la kwanza likachomoka, la pili likachomoka, la tatu likakata mshipi wenyewe. La tano kinyozi akalivuta, akasita, akainua macho.

"Limekaa. Nimelisikia."

"Ilipie ndoana uende," akasema Mama Fundo.

Kabla kinyozi hajavuka kizingiti, wakaingia wapagazi watatu wa bandarini, wateja wa miaka, wakamwaga ndoana kwenye kaunta.

"Tufungie upesi, Mama, tuna nusu saa tu."

"Kuanzia leo kila mtu anajifungia. Nitawaelekeza."

"Lo! Umepanda cheo?"

Wakacheka. Wawili wakavuta viti, huku wakinung'unika. Wa tatu akaangalia saa, akaokota ndoana zake moja moja, akatoka, akavuka barabara. Mama Fundo akamfuata kwa macho mpaka mlango wa duka la ng'ambo ulipommeza. Hakumwita. Angekuwa yeye, angevuka pia.