Hata Akisema Ni Mimi

Mimi siamini simu. Nasema mapema, usije ukafikiri nilizaliwa hivyo. Kule kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na mwalimu huamini kilichoandikwa. Simu ndiyo iliyoniharibu, hapa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda.

Mwaka wangu wa pili kambini nilifungua anwani moja iliyosema watu wanaandikishwa kwenda kuishi Kanada. Nikajaza kila kitu: jina, namba, hadi picha ya uso. Kesho yake laini yangu haikuwa yangu tena. Mtu nisiyemjua alikaa ndani ya jina langu, akawaandikia watu wa kanisa letu kwamba mume wangu amefariki na natafuta msaada wa sanduku la kumzikia. Wamama wakaja kulia msiba, wakamkuta marehemu anakula muhogo. Yeye anacheka kwa hiyo habari mpaka leo. Mimi sicheki, maana kuna watu walitoa pesa, na walipoambiwa ukweli waliniangalia mimi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikajifunza. Tulipofungua kibanda cha kuchaji simu kwa sola, mume wangu akawa anashika nyaya na mimi nashika meseji: mtu ananiletea simu yake, namsomea Kiingereza, namwambia hii fungua, hii futa. Nikatunga na sheria. Nilisema, Wanyankole, wenyeji wetu hapa, wakitaka kumjua ng'ombe wanatazama pembe. Ninyi mkitaka kuijua anwani ya intaneti, tazameni mkia. Ikiishia na doti-com, doti-org, ao doti-ug, leteni tuisome. Mkia mwingine wowote ni mwizi.

Sheria hiyo niliitangaza kanisani kwetu, kwenye matangazo ya mwisho. Wakatoliki nao wakaniita baada ya Misa, nikasimama mbele yao na kitenge changu kizuri. Na hapo nikaongeza ya pili. "Nambari ya siri ikiingia mu simu yako, usimpe mutu. Hata akisema ni mimi. Hata ukisikia sauti yangu, wanaiga sauti! Hata bwana yangu akikuja yeye mwenyewe, mufukuze." Watu wakacheka sana. Mume wangu alikuwa amenisindikiza. Akainuka kwenye benchi la nyuma akawapungia mkono.

Benchi la mbele alikaa jirani yangu, Mrundi, mjane, mtu wa kwaya. Namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu ananizidi miaka mingi. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, kwa hiyo kila neno nililirudia mara tatu, kwa kelele. Aliitikia kwa kichwa kila mara. Yaya akishika neno, ameshika.

Masikio yake yalikuwa yanamwacha polepole. Mwanzo alisema ni sisi tunaongea ndani ya midomo. Halafu kwenye kwaya akaanza kuingia nyuma ya ngoma, wenzake wako kwenye amina yeye bado yuko kwenye utukufu, na mwalimu wa kwaya akamhamisha mwisho wa mstari, karibu na mlango. Hakulalamika. Siku moja tu, tukichambua maharage, aliniambia, "Mwalimu, mimi sihitaji kusikia maneno ya watu, watu wana maneno mingi. Nataka kusikia sauti yangu, nijue kama naimba ao nalia." Nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Ndiyo maana wamama wa kanisa lao walipompeleka hospitali moja ya Mbarara kupimwa, mtaa mzima tulifurahi. Kampuni ya nje inayotengeneza vifaa vya kusikilia ilikuwa inapima watu bure. Wakamvalisha vitu masikioni, wakaandika namba yake, wakamwambia meseji itakuja: utaifungua, utathibitisha, utachagua siku ya kuja kuvalishwa chako. Asiyethibitisha, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata. Alirudi akinieleza yote hayo kwa kelele, kama mtu anayemwita mbuzi.

Meseji ikaja. Nikavaa miwani, nikasoma. Kiingereza kilikuwa kizuri, jina lake limeandikwa sawasawa. Nikatazama mkia.

Haukuwa doti-com wala doti-org. Baada ya nukta lilikuwepo jina la kampuni yenyewe, basi, limekatikia hapo. Mwizi hodari ni yule anayejua unachongojea. Hawa walijua jina la yaya, walijua sikio lake, walijua na hospitali. Sasa nani aliwaambia? Nilianza kumhesabu kichwani kila mtu aliyekwenda naye Mbarara.

"Yaya, hii ni bwizi!" nikamwambia sikioni, nikampa simu aone.

"Unasema?"

"Wezi!"

Akashtuka, akanirudishia simu kama ya moto. Nikafuta. Namba iliyotuma nikaifunga.

Wiki ile ile ikaja nyingine, kwa namba tofauti, mkia ule ule. Nikamwonyesha mume wangu: unaona, nimefunga mlango mmoja wamepitia wa pili! Yeye alikuwa anakunja waya. Akasema, "Si umuulize mutu wa hospitali? Kuuliza si ujinga." Nikamuuliza kama ni yeye ama ni mimi niliyeandikiwa msiba wa mtu hai. Akaendelea kukunja waya. Nikafuta na hiyo.

Ya tatu ilisema imebaki siku tatu. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia kabisa, kwa sababu mwizi siku zote ana haraka. Lakini yaya safari hii hakunirudishia simu upesi. Alikitazama kioo, akanitazama mimi. "Na kama ni wao?"

Nikawaka. "Yaya! Mimi ni nani?"

"Wewe ni Mwalimu," akasema, akaniachia nifute.

Lakini lile swali lake lilikuja kulala kwangu. Nilijiambia siendi Mbarara kuuliza, nakwenda kushtaki. Hospitali ijue jina lake linatumiwa na majambazi. Nikaandika anwani yote kwenye karatasi pamoja na namba ya simu ya yaya, na siku ya tatu asubuhi nikachukua taksi pale Rwekubo. Kufika Kabingo, bado njiani, hotuba yangu ilikuwa tayari, na ilikuwa kali.

Pale hospitali waliniambia nikae nje ya chumba cha masikio. Nikakaa karibu saa nzima, nimeegemea ukuta, nawachunguza wanaoingia na kutoka. Muuguzi aliponiita, mama wa makamo wa huko huko Ankole, niliweka karatasi mezani kwake kwa kishindo.

"Nimewaletea wezi wenu!"

Akasoma. Akaniangalia. Akasoma tena. "Nyabo," akasema, ndivyo wanavyomwita mama huku, "hii hapana wezi. Hii ni kampuni yenyewe."

"Kampuni gani haina doti-com?"

Alinitoa nje kwa mkono mpaka kwenye ukuta ule niliokuwa nimeegemea. Palikuwa na tangazo kubwa, picha ya mzee anacheka na kidude sikioni, na chini yake, kwa herufi ninazoweza kuzisoma bila miwani, anwani ile ile na mkia ule ule. Mgongo wangu ulikuwa umeifunika saa nzima.

Akanieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikieleza darasa la tatu. Kampuni kubwa siku hizi zinajinunulia mkia wao wenyewe, jina lao linakaa pale palipokuwa doti-com. Mwizi anaweza kupata doti-com ya kufanana na yao, lakini mkia ule hawezi kuupata, ni wa mwenye jina peke yake. "Walibadilisha juu ya wezi," akasema. "Watu wasiogope tena."

Nilikasirika, acha nikuambie ukweli. Mtu akihamisha mlango wa nyumba yake si anawaambia wageni? Nani alikuja Nakivale kutuambia mlango umehama? Na bado sikuamini vizuri. Nilimwomba muuguzi anionyeshe kitambulisho chake, akanionyesha bila kununa. Na nilipomaliza kukitazama nikawa sina tena wa kumshuku, nimebaki mimi tu. Nikamtajia jina la yaya, nikamuuliza kama bado yumo.

Alifungua kompyuta. "Yumo. Leo ni ya mwisho, kabla ya saa nane." Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa saba. Nikamwambia amwandike basi, mara moja, mimi ni shahidi. Akatikisa kichwa. Mashine ya kampuni inataka nambari: inatumwa kwenye simu ya mgonjwa, mgonjwa anaisoma, inaingizwa, imekwisha. Dakika chache tu.

"Tuma," nikasema.

Akatuma. Nikampigia yaya. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena, ikaita. Yesu wangu! Nilikuwa nampigia simu mtu ambaye nimekuja Mbarara kwa sababu hasikii.

Nikampigia mume wangu kibandani. Bahati nzuri, alishika haraka. Nikamwambia kimbia kwa yaya, kuna nambari mu simu yake, isome, unitajie. Nilisikia viatu vyake vikipiga chini, nikasikia kuku, halafu nikasikia sauti ya yaya, kubwa, yenye furaha.

"Hapana! Hapana, bwana!"

"Mwambie ni mimi!" nikasema.

"Ni bibi yangu anaomba!" mume wangu akapaza sauti.

"Ndiyo vile vile alisema watasema!" Yaya alikuwa anacheka. "Muke wako alisema hata wewe! Mbele ya watu wa Misa! Nikufukuze!"

Ile nambari ikafa. Muuguzi akatuma ya pili. Nikamwambia mume wangu aniweke kwenye spika, nikapiga kelele mpaka watu wa korido ya Mbarara wakageuka. "Yaya! Ni mimi! Ni Mwalimu! Toa nambari!" Nikasikia akiuliza, huyo anasema nini? Mtu akamwambia, anasema ni Mwalimu. Maana sasa watu walikuwa wamejaa, nilisikia vicheko. Na yaya akawaambia, kwa sauti ya mtu anayefundisha, kwamba siku hizi wanaiga hata sauti.

"Mushike simu, uitoe kwa nguvu," nikamwambia mume wangu.

"Nimunyang'anye mujane simu, mbele ya bantu?" Alikuwa anahema. "Ameifungia mu kitenge. Wamama bako upande wake. Kuna mumoja ameshika mwiko."

Ya tatu ilitumwa. Mume wangu alijaribu kupiga magoti. Hilo niliambiwa baadaye. Niliposikia wamama wanapiga vigelegele nilijua imekwisha. Muuguzi alinigeuzia kioo nione mwenyewe: mashine imefunga, jaribu tena kesho. Na kesho haikuwepo. Saa nane ilipofika nilikuwa bado nimesimama pale pale, nikaona jina la yaya linaondoka kwenye orodha, jina la mtu mwingine linapanda.

"Pole, nyabo," muuguzi akasema. "Labda watarudi mwakani. Labda hapana." Alinipa chai. Sikuimaliza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na si kwamba sikumpata. Kampuni nililaumu, mashine nililaumu, yule mwizi wa Kanada nilimlaani kwa Kiswahili na kwa Kifuliru cha kwetu. Lakini nilikuwa nimeambiwa kuuliza si ujinga, na nilikuwa nimeulizwa, na kama ni wao? Wiki mbili nilikuwa na hospitali ya kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilipenda kuwa mtu anayejua. Nisiseme uongo, nilipenda.

Nilifika jua bado liko juu. Yaya alikuwa mbele ya nyumba yake na ungo wa maharage magotini. Aliponiona akainua mikono yote miwili.

"Mwalimu! Leo walikuja!"

Akanisimulia, na wamama waliokuwa wakingoja maji bombani wakisaidia pale aliposahau. Wezi walituma nambari, mara tatu. Walimdanganya hata mume wangu, maskini, akapiga magoti. Waliiga sauti yangu, kabisa kabisa, hata hasira yangu waliiiga. Na yeye hakutoa. "Nilishika ulivyotufundisha," akasema, akagonga kifua. Sijawahi kumwona na uso wa furaha namna ile, hata siku ya Pasaka.

Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia polepole, mdomo karibu na sikio, kwamba alikuwa ni mimi kweli, na meseji zilikuwa za kweli, zote tatu.

"Unasema?"

Nikapandisha sauti kidogo. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, bado anatabasamu, akainama kwangu.

Haikuwepo namna nyingine. Nikapiga kelele. "NILIKOSA! WALIKUWA WAO! NAFASI YAKO IMEKWENDA, NI MIMI NIMEIPOTEZA!"

Mtu mmoja bombani alifunga maji. Mume wangu alitoka kibandani akasimama na waya mkononi.

Yaya alitazama maharage. Mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua, kwa hiyo nilijua amesikia, kila neno. Halafu akarudisha kiganja nyuma ya sikio.

"Sema tena," akasema. "Sikusikia."

Nikasema tena.