Waya Unaolala Kwenye Petroli

Asubuhi ya Kasulu ina ubaridi wa kumfanya mtu akumbatie kikombe cha chai. Generosa Kipriani hana kikombe. Ameshika chupa iliyowahi kuwa ya asali ya Kibondo, anaiinua usawa wa macho na kuitikisa kidogo. Ndani yake mna petroli, na ndani ya petroli vimelala vipande vitatu vya waya.

Anavitoa kimoja kimoja kwa koleo, anavifuta, kisha anavikwaruza kwa ukucha. Cha kwanza ganda lake limevimba na kulainika kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Anakitupa. Cha pili kinapasuka anapokikunja. Nacho anakitupa. Cha tatu anakikunja, anakinyoosha, anakikunja tena.

"Huu ndio umevaa," anasema, na uso wote unachanua.

Katika kibanda hiki karibu na stendi, Generosa (38) hutengeneza nyaya za pikipiki. Nje, vijana wa bodaboda wanasubiri zamu zao huku wakimtania. Wanamwita Mama Chupa, wala hakasiriki. Hafungi waya mpya ambao kipande chake hakijalala kwenye petroli tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi, kwa kuwa Jumapili ni ya kanisa. Mwenye haraka anaelekezwa kwa fundi mwingine, tena kwa upole.

Leo mwenye haraka ni yeye. Pikipiki nyekundu iliyo katikati ya kibanda si ya mteja. Ni ya mumewe, Venanti, ambaye hajaiendesha tangu ilipomuunguza mwaka juzi. Amesema leo atajaribu. Alisema hivyohivyo kabla ya Pasaka.

Kabla ya kuungua, Venanti alikuwa akibeba abiria kati ya Kasulu na Manyovu, na alijulikana kwa redio yake.

"Ilikuwa ni kwaya tupu," anakumbuka. "Wamama walikuwa wanaacha pikipiki zingine, wananingojea mimi."

Redio hiyo aliifunga mwenyewe, kama wafanyavyo wenzake wengi: waya mwembamba wa spika, ukapitishwa chini ya tangi. Mpira wa petroli ulikuwa ukivuja tone kwa tone. Ganda likalainika, shaba ikabaki uchi, waya ukapiga shoti. Akiwa na abiria kwenye mlima, moto ukamrukia mguuni. Abiria wake, Bibi Evaline, aliruka na kutua kwenye shamba la maharage, mzima wa afya, na mpaka leo anakiulizia kikapu chake cha ndizi.

Venanti alilazwa wiki nyingi. Generosa, ambaye wakati huo alikuwa fundi cherehani, alifunga mashine yake na kuhamia wodini.

"Nilikuwa namwosha mguu kama mtoto. Yeye analia, na mimi nalia," anasema. "Halafu ananiuliza, redio imepona?"

Hospitalini hapo ndipo alipokutana na Rashid, fundi umeme aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga. Rashid aliposikia kisa chao alitikisa kichwa.

"Nilimwambia, dada yangu, waya ni shaba na nguo yake," anasimulia Rashid. "Kuna nguo ambayo petroli inaila. Na kuna ya poliesta iliyochanganywa na vitu vingine, hiyo petroli inapita juu kwa juu."

Generosa anacheka akikumbuka. "Poliesta! Mimi nimeshona sare za shule za poliesta miaka yote. Naijua ilivyo kaidi. Nikasema, kumbe na waya unavaa sare!"

Rashid akamfundisha mwaka mzima, kila alipotoka zamu. Tatizo ni kwamba nyaya nyingi zinazofika mikononi mwa Generosa zimeng'olewa kwenye magari mabovu, na hakuna anayejua ganda lake ni la nini. Kwa hiyo anaiuliza chupa.

Ushonaji haujamtoka. Tepi ya kupimia iko shingoni, na kila pikipiki huipima kama mteja wa gauni, kwani waya uliovutwa sana utakatika usukani ukikata kona, na uliolegea utagusa injini.

Saa mbili hivi Venanti anafika, akichechemea kidogo. "Mwakeye," anawaamkia vijana kwa Kiha. Wanaitikia, kisha wanampisha. Wote wanajua amekuja kujaribu.

"Mama Provi," anamwambia mkewe, kwa jina la binti yao Providence, "waya ulilala?"

"Ulilala."

"Na mpira wa petroli?"

"Mpya. Nusa mwenyewe, Baba Provi."

Anainama, ananusa. Anagusa tangi, mkono unarudi wenyewe. Anarudi nyuma hatua moja, anaangalia barabara. Hakuna anayemlaumu, hata mimi niliyekuja na kalamu yangu.

 Generosa anavua tepi shingoni, anakaza khanga, anapanda kwenye kiti cha abiria na kutulia hapo, mbele yake pakiwa patupu.

"Sasa abiria anapandaje kabla ya dereva?" Venanti anauliza.

"Anayemwamini dereva wake anapanda tu."

 Venanti anaupitisha ule mguu wenye makovu juu ya kiti, anakaa, anapiga kiki. Wanakwenda mpaka kona ya soko na kurudi. Ni mwendo mfupi mno, lakini anaporudi shati lake limelowa jasho katika baridi hii, na mkono wa mkewe ungali begani kwake. Vijana wanapiga honi zote kwa pamoja. Nakiri kwamba niliinama nikajifanya naandika.

Generosa anataka Krismasi iwakute Munanila, kwa mama yake, ambaye tangu ajali hajawaona wakifika kwa pikipiki. Njia ni milima mitupu. Venanti anaitika kwa kichwa, kisha anauliza kwa sauti ndogo:

"Na redio?"

"Redio hapana," anajibu Generosa, akimfuta jasho kwa ncha ya khanga. "Safari hii utaimba mwenyewe."