Bibi Aliyenisahihishia Nyota Mbili

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, bila kutia chumvi. Mimi si mtu wa mizimu. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji, nikajifundisha kompyuta kwa vitabu vya mtumba nikiwa nimeshapita miaka arobaini, na kwa kawaida siamini jambo mpaka nilirudie mara mbili nipate jibu lile lile. Hili sikuweza kulirudia. Lakini lilitokea, tena mchana kweupe, Jumamosi, katika chumba nilichokodi mjini Noonkopir cha kuchapia watu barua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Ranchi moja ya pamoja upande wa Bisil ilikuwa inagawanywa ili kila mwanachama apate shamba lake. Mwenyekiti wao, Mzee Koinet, alinipa kadi za wanachama nizichape. Kila kadi niliifanya faili yake. Faili ziliingia katika folda ya nyumba, nyumba katika folda ya boma, na maboma yote katika folda moja kuu ya ranchi. Mzee akachukua kadi zake akaenda. Alichotaka sasa ni orodha moja ya majina yote.

"Mwalimu," aliniambia, "Jumatatu ya tatu kutoka leo tunasoma hiyo karatasi mbele ya mpima ardhi. Mwenye hayuko ndani, hana shamba. Hakuna kurudia."

Sasa, programu niliyotumia kuiandikia kompyuta amri ilikuwa na upungufu. Ukiweka nyota moja, ile alama (*) inayosimama badala ya jina lolote, ilikuletea faili za folda moja tu. Nilitaka nyota mbili ziwe na maana hii: ingia hapa, uingie na zilizo ndani, na zilizo ndani ya hizo, hadi mwisho, uniletee kila faili. Programu yangu ilizichukua nyota mbili kama moja. Kwa kuwa maandishi yote yaliyoiunda nilikuwa nayo kwenye sidii, niliamua kuirekebisha mwenyewe. Utaniuliza, kwani hakukuwa na njia nyingine? Ilikuwepo. Ni kiburi tu.

Kazi ilinichukua wiki mbili. Nikaijaribu kwa folda zilizopangwa ngazi tano, ikashuka zote bila kupotea. Lakini orodha ya ranchi ilipotoka, watu kumi na mmoja hawakuwemo. Idadi ya kadi nilikuwa nimeiandika daftarini, kwa hiyo nilijua. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Watu wazima kumi na mmoja wangekosa ardhi kwa sababu yangu, na sikujua hata ni akina nani.

Jumamosi hiyo, saa tisa mchana hivi, nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Alikuwa bibi wa Kimaasai, mrefu, amejifunga shuka la buluu. Sikuwa nimesikia mlango.

"Takwenya, kokoo," nikamsalimu kwa Kimaasai, kama anavyosalimiwa nyanya.

"Iko," akajibu. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Unatafuta nini na hasira hivyo?"

"Watu kumi na mmoja."

"Umewatafuta wapi?"

"Kila boma, kila nyumba."

"Na ukifika boma, unaanza wapi?"

"Naingia nyumba ya kwanza."

Akacheka mpaka shanga zikalia. "Kwani wewe ni mwizi? Ni mwizi tu anakimbilia ndani. Mtu mzuri anaangalia kwanza nani amesimama kwa geti." Akagusa kioo kwa mkono wa kushoto, na nikaona mkono huo hauna kidole gumba. "Sisi wengine hatuna nyumba huko ndani. Tumesimama hapo tu. Wewe unatupita, unatupita!"

Niamini, nywele zilinisimama, lakini si kwa hofu. Nilikuwa nimeliona kosa. Programu yangu ilianza kwa kufungua folda za ndani, ndipo ikatazama faili zilizomo. Zile zilizolala pale pale ilipoanzia haikuzitazama kamwe. Na kadi ambazo hazikuandikwa jina la boma, za wajane na wachungaji wa kuajiriwa, nilikuwa nimeziweka moja kwa moja katika folda kuu. Nyota mbili lazima zikubali ngazi nyingi, zikubali moja, zikubali pia kutoshuka kabisa. Majaribio yangu yote yalikuwa ya kushuka. Ni nani hufikiria kujaribu kubaki aliposimama?

Mistari mitatu ilitosha. Orodha ikatoka kamili.

Nikageuka nimshukuru. Chumba kilikuwa kitupu, na mlango bado ulikuwa na komeo nililolifunga mwenyewe kwa sababu ya vumbi. Nikafungua faili ya kwanza kati ya zile kumi na moja. Mjane. Hana boma. Alama ya mwili: gumba la kushoto halipo.

Mzee Koinet alipokuja Jumapili nilimwonyesha jina lile. Akakaa chini.

"Huyu tulimzika," akasema. "Ni wakati wa kile kiangazi kilimaliza ng'ombe. Amewacha msichana alilea, Nashipae. Watu wanasema huyo msichana hana haki, juu jina ya mama haionekani kwa orodha yoyote."

"Sasa inaonekana," nikamwambia.

Jumatatu nilienda Bisil kusikiliza. Jina la bibi liliposomwa, msichana aliyesimama nyuma kabisa akasema, "Niko kwa niaba yake." Mpima ardhi akaandika. Hakuna aliyepinga.

Nimesoma vitabu vingi vya kompyuta tangu hapo, vya watu waliosoma sana. Sijakutana na akili iliyolishika tatizo lile kwa wepesi kama akili ya bibi yule, ambaye sidhani aliwahi kuona kompyuta akiwa hai. Programu ile ninaitumia mpaka leo, na kila ninapoandika nyota mbili mkono husita kidogo.

Nawe unayekusanya majina ya watu, sikia onyo langu. Uliowasahau wanajua walipo. Watafute wakiwa hai, kwa maana wakilazimika kuja wenyewe, hutajua uwaambie nini.