Mwali Asiyelishwa wa Sindeni

Umande haujakauka Sindeni, wilayani Handeni, na Ndugu Justa Fabiani ameshainama katikati ya mahindi, anapima urefu kwa ufito. Kulia kwake mimea imenawiri. Kushoto imedumaa, majani ya njano, inatia huruma kuitazama.

Huruma hiyo nusura imponze.

Justa ni bibi shamba. Alizaliwa kambi ya mkonge huko Makuyuni, Korogwe, ambako baba yake alikata mkonge mpaka mgongo ukagoma. Baada ya ukame wa mwaka sabini na nne, watu walipopanga foleni ya unga wa msaada, aliomba ruzuku ya utafiti serikalini. Alitaka kujua kwa hakika kama samadi inaweza kuokoa mahindi mvua zikiwa haba.

"Ombi lilikuwa likirudi na wino mwekundu, nami naandika upya," anasema. Hatimaye akapewa shilingi elfu sita, nusu mwanzoni, nusu matokeo yakionekana.

Utafiti wenyewe hauna uganga: kitalu kimoja kinapewa samadi, cha pili kinanyimwa, kisha vinalinganishwa. Hapo kwenye kunyimwa ndipo palipoleta kizaazaa. Wanakijiji wamehubiriwa usawa asubuhi na jioni, halafu mtaalamu wa serikali anamlisha huyu na kumnyima yule? Basi Justa alipokwenda Korogwe kikazi, akina mama wakiongozwa na Bi Mwantumu Hiza walijitwika vikapu, wakakigawia samadi kitalu kilichonyimwa. Aliporudi wakampokea kwa vigelegele.

"Nililia," anasema Justa bila kuona haya. "Wao wakadhani ni furaha."

Matokeo hayakuwapo tena, na nusu ya pili ya fedha ilikuwa mashakani. Mwenzake mmoja wa kazini alimshauri aandike tu kwamba samadi imeshinda, kwani nani angefunga safari kuja Sindeni kuhakiki? Justa akakataa.

"Wizara ingeamini," anasema. "Lakini njaa haisomi ripoti."

Akaeleza ukweli wote, vigelegele vikiwemo, akaomba kurudia msimu uliofuata. Akakubaliwa kwa sharti moja: kitalu kikiguswa tena, ruzuku imekwisha.

Kuwafokea akina mama asingeweza, ni wakubwa zake. Akaenda kwa Bi Mwantumu, akamwamkia, akaketi mkekani. Akamwambia kitalu kile ni mwali. Kwa Wazigua, mwali akishawekwa ndani haguswi ovyo mpaka siku ya kutolewa.

Bi Mwantumu akauliza: "Mwali gani huyo asiyelishwa, mwanangu?"

"Huyu anafundwa njaa, bibi. Akitoka atatufunda sisi."

Bibi akacheka, akaifikisha habari kisimani, na habari ya kisimani huenea yenyewe. Hata asubuhi hii anapita na kapu la samadi kichwani, akielekea shamba la ujamaa. Akikaribia kitalu anageuza uso na kuzungukia mbali.

Justa anakusudia, mavuno yakishapimwa, kuomba ruzuku nyingine ya kupima mihogo Makuyuni alikozaliwa. Akina mama nao wana mpango wao: siku ya kuvuna, ngoma itapigwa shambani mwali atolewe kwa heshima zake.

Bi Mwantumu ana ombi moja tu, na Justa amelikubali.

"Msimu ujao," amesema bibi, "aanze yeye kula."