Onja Kwanza Chakula cha Kuku

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika, na jiko letu pale Ikwiriri lilikuwa linavuja kila pembe. Naikumbuka alasiri moja ya mwezi ule, mwanangu, na nataka uisikie kabla hujafungua hicho kibanda chako cha chakula cha mifugo kule Nyamwage. Simu iweke chini, haitakimbia.

Nilikuwa mke mpya. Mama mkwe wangu, Bi Zainabu, Mungu amrehemu, alikuwa akichanganya chakula cha kuku na kuwauzia majirani. Biashara yenyewe ndogo tu: pumba kutoka mashine ya mpunga, mashudu ya ufuta, chokaa kidogo, na uduvi mkavu, wale kamba wadogo sana, unaoletwa na watu wa delta, kule mto unapoingia baharini. Mgongo ulipoanza kumsumbua akaniachia koleo, nami nikajiona nimefika. Asubuhi ile nilichanganya kwa madaha, nikafunga gunia, mume wangu akalipeleka kwa baiskeli kwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane wa mtaa wa pili. Alikuwa na mitetea wake wa kisasa, na mayai aliyauza kwenye nyumba za wageni karibu na stendi. Hayo mayai ndiyo yaliyowalisha na kuwavisha wajukuu zake yatima. Shamba hakuwa nalo, wala mtoto wa kumtazama.

Basi mama mkwe alipomaliza kuswali alasiri, akapita penye mchanganyiko uliobaki. Akachukua chembe kwa kidole, akaigusisha ncha ya ulimi, akatema. Mchuzi najua, mpishi aliyefunga huuonja hivyo hivyo akatema. Lakini chakula cha kuku? Nilikuwa karibu kucheka, nikamwona uso.

Akaniuliza uduvi nimenunua kwa nani. Nikamwambia kwa kijana mgeni, maana yule wetu wa siku zote hakuja. Akaniuliza kama niliuonja. Nikakiri sikuuonja. Hapo akanieleza, wala hakupandisha sauti, kwamba masika jua likikosekana wengine huutia uduvi chumvi usioze. Kwa mboga hauna neno. Kuku akiila chumvi nyingi anashikwa na kiu, anakunywa mpaka analegea, na anaweza kufa.

"Mgeni wako ungempikia bila kuonja?" akasema. "Kuku hawezi kukwambia chakula kina chumvi, mwanangu. Msemee wewe."

Nilijitupia kanga kichwani nikatoka mbio kwenye matope, koo kavu kwa saumu, nikiwaona wale yatima mbele ya macho yangu njia nzima. Nilipofika, Bi Mwanaidi alikuwa ameshawamwagia mitetea chakula kile mara moja. Kuku wamezunguka beseni la maji, wanasukumana. Nikamwambia kila kitu pale pale mlangoni, huku nalia. Alilivuta gunia akaliweka kando, akanipa ndoo.

Tulichota maji safi kisimani yawatoe ile chumvi mwilini, tukamwaga ya zamani, tukaweka mapya, tukarudi tena kisimani. Adhana ya magharibi ilitukuta na ndoo mkononi, tukafuturu kwa maji yale yale kabla ya kuwapa kuku. Baadhi hawakuamka asubuhi. Wengi walipona, alhamdulillahi.

Nilijua mteja nimempoteza. Siku ya tatu akaja nyumbani kwetu, nikataka kujificha ndani. Akaniita kwa jina langu.

"Gunia jingine nichanganyie wewe, si mkweo. Nimekuona ulivyokuja unakimbia."

Na jambo hili sikulijua mpaka mama mkwe alipokwisha kuzikwa: wale mitetea waliokufa, alikuwa amewalipia kwa mitetea wake mwenyewe, akawapeleka alfajiri chini ya kanga, mimi nimelala. Bi Mwanaidi ndiye aliyeniambia, matangani. Hata leo nikisema nalia, kama unavyoniona. Nilimpenda sana mama yule.

Sasa mwanangu, kibanda fungua, nimefurahi mno. Ila usimuuzie mtu kitu ambacho hujakionja. Uduvi onja. Pumba nusa, ukisikia harufu ya ukungu zirudishe mashineni, muuzaji anune akitaka. Anayenunua kwako ana watoto nyuma ya hao kuku. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje mteja aje kukugombeza. Kimbia wewe kwanza, ukamwambie.

Mungu akupe riziki ya halali, akupe na wateja wanaokuita kwa jina lako. Siku ya kufungua nitapanda basi nije. Gunia la kwanza usilifunge mpaka nifike, unitilie chembe kiganjani. Meno yameniisha, lakini ulimi ninao bado.