Nilivyompima Yeremia

Gereji yangu iko pembeni ya stendi hapa Kibondo, na wiki iliyopita nilijiaibisha mbele ya stendi nzima. Acheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Yeremia, dereva wa Kitahana, anainama kuingia hata kwenye gereji yangu. Pikapu ya zamani aliyoachiwa na baba yake ilimtesa mgongo mpaka akataka kuiuza.

"Fundi, siwezi tena," aliniambia.

"Hebu kaa humo nikupime," nikamjibu. "Utaiendesha mpaka uzeeke."

Akakaa. Nikapima kwa futi kutoka kwenye kiti hadi utosini, nikaandika ukutani kwa chaki. Nikakata miguu ya kiti, nikasogeza reli zake nyuma, nikahakikisha juu ya kichwa panabaki vidole vinne.

Jumamosi nikawaita watu waje waone kazi. Nilijisifu mpaka nadhani mafundi wa Kasulu walinisikia. Yeremia akaingia, akanyoosha miguu.

"Fundi! Magoti hayagusi usukani!"

Kwa furaha akanyoosha na mgongo. Paa likalia, bam!

Stendi nzima ikaangua kicheko. Yeremia akashika utosi, naye anacheka.

"Pikapu siiuzi tena," alisema. "Ila siku ile ulinipima nimejikunja, kama nilivyozoea kukaa humu."

Nikafuta ile hesabu ukutani kwa kiganja, nikachukua chaki.

"Kaa wima nikupime upya," nikamwambia. "Miaka yote hii, kumbe una shingo!"