Kura ya Mhunzi wa Tarrawirra

Jabez Trembath alikuwa mhunzi wa Tarrawirra, huko koloni la Victoria, na kazi ya kusimamia uchaguzi hakuiomba. Alipewa kwa sababu alijua kusoma na alikuwa hanywi pombe. Katika jimbo lile lenye kondoo wengi kuliko watu, sifa hizo mbili hazikuwa zimewahi kukutana kwa mtu mwingine.

Wagombea walikuwa wawili. Bwana Cathcart alimiliki malisho yote hadi milimani, na viatu vya farasi wake ndivyo vilivyokuwa vikimlisha Jabez. Silas Opie alikuwa na shamba dogo la ngano na mdomo mkubwa; alitaka malisho yale yakatwe vipande, wakulima wadogo wapate. Silas alikuwa kaka wa Keziah, mke wa Jabez. Watu weusi waliokuwa wenye ardhi hiyo tangu mwanzo walikaa ng'ambo ya kijito wakitazama. Hao hakuna aliyewauliza.

Kura zilipohesabiwa, wagombea wakatoka sare. Karani akafungua kitabu cha sheria, akasoma, akakohoa.

"Bwana Trembath, sheria inasema msimamizi ndiye anayeamua."

"Anaamua vipi?"

"Anataja jina. Hapa, mbele ya watu."

Basi kura za watu wote zilikuwa siri isipokuwa yake. Jabez akamtazama Cathcart, akamtazama na Silas, ambaye tayari alikuwa akipungia watu kofia. Silas hakuwahi kumpendeza hata siku moja. Lakini kuhusu ardhi alisema kweli, na Jabez hakuona njia ya kulikwepa hilo.

"Opie," akasema, akaketi.

Cathcart alivaa glavu zake taratibu. "Farasi wangu watavalishwa viatu kwingine, Trembath."

"Nilijua, bwana."

Nyumbani, Keziah alikuwa akimenya viazi.

"Umemchagua Silas?"

"Ndiyo. Ni kaka yako."

"Kaka yangu ndiyo. Namjua tangu utotoni. Mimi ningempa Cathcart."

"Mbona hukusema?"

"Kwani mimi nina kura?"

Majira ya baridi yale walikula viazi sana.

Silas alikwenda Melbourne na suti ya kukopa. Alisimama bungeni kudai ardhi ikatwe, akazomewa. Akasimama tena, akazomewa tena. Kisha bunge likapanga upya majimbo. Tarrawirra ikamegwa, nusu ikaenda jimbo la kaskazini na nusu la kusini, na mpaka ukapita katikati ya karakana ya Jabez. Wengi hawakujua kama jimbo lao limekufa mpaka walipokuja kupiga kura wakakuta mlango umefungwa.

Silas alirudi kwa miguu. Shamba lake lilikuwa limeuzwa kulipia hoteli na suti. Alisimama mlangoni pa karakana, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba.

"Shemeji," akasema.

Jabez aliweka nyundo chini. Alikuwa na hasira za kutosha, amezitunza vizuri, na aliona ajabu kwamba sasa hajui aziweke wapi.

"Umekula?"

"Jana."

"Keziah!" Jabez akaita. "Ongeza kiazi!"

"Nimeshamwona tangu barabarani," Keziah akajibu kutoka ndani. "Mwambie anawe miguu kabla hajaingia kwangu, mheshimiwa huyo."

Kesho yake Silas akashika mivukuto ya kupulizia moto. Alivukuta vizuri, pumzi hakuwahi kupungukiwa. Siku moja, chuma kikiwa motoni, akauliza bila kugeuka:

"Siku ile uliponitaja, shemeji. Ulijuta?"

Jabez akakigeuza chuma.

"Nilijuta sana."

"Na ungerudia?"

"Ningerudia. Vukuta, chuma kinapoa."